Tochi Isiyotakiwa Kung'aa

Kioo mwenyewe hakatai, wala hatafuti wa kumsingizia: siku ile mjinga alikuwa yeye. Si msasa, si shemeji yake, si joto la mabati. Yeye. Ukimkuta leo ukamuuliza atakukubalia hivyohivyo, kisha atakuomba mzungumze mambo mengine.

Jina la Kioo alipewa kiwandani, alikofanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kitengo cha kung'arisha. Sufuria, mabomba ya maji, vitasa vya milango, kila kilichopita mikononi mwake kilitoka mtu anaweza kukitazama akanyolea ndevu. Wenzake walisema ukimpa Kioo kipande cha mkaa atakurudishia kikiwa kinameremeta bila moto. Kisha kiwanda kikanunua mashine. Mashine haili, haiugui, wala haiombi ruhusa ya kwenda kuzika. Kioo akapewa barua na kushikwa mkono.

Hiyo barua ilikuwa na miezi kumi na minne sasa. Miezi kumi na minne ya kuamka alfajiri, kuvaa shati la kazi, na kukaa kwenye kochi na shati la kazi. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni kando ya dirisha, na ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba. Kioo alikuwa amepata cheo kwa hiyo cherehani: alikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule. Wateja wakiingia wakamkuta na kamkasi kake, walimtania, "Naona shemeji umeajiriwa, tena kwa bosi mkali!" Naye alicheka. Lakini kilikuwa kicheko cha meno ya mbele tu, magego hayakuwa na habari.

Alishabisha hodi kila penye mlango. Kila walipomuuliza umri akautaja, mazungumzo yaliisha kwa adabu. Kwa hiyo siku shemeji yake alipokuja na habari ya karakana ya tochi, Kioo aliidaka kama mtu aliyeanguka mtoni anavyodaka tawi, hata kama lina miiba.

Shemeji huyo, mdogo wake mkewe, tena ndugu pekee ambaye mkewe alikuwa naye, alikuwa mchimba visima. Kikosi chao kilikuwa kimeagiza tochi ishirini za kuingia nazo majini, lakini kwa sharti moja.

"Tusipewe za kung'aa," alieleza. "Tochi inayong'aa kisimani ni adui, shemeji. Mwenzako akikumulika, bomba la tochi yako linakurudishia mwanga machoni, unahesabu nyota mchana kweupe. Halafu mkono ukiwa na tope, inateleza kama kambale. Tunataka iliyochubuliwa, yenye vimistari vyembamba, vyote vimelala upande mmoja, kutoka kichwani mpaka mkiani. Karakana haina mtu wa kazi hiyo. Nimekutaja."

Msimamizi wa karakana aliitwa Mama Kipimo, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipimo chake cha chuma kwenye mfuko wa aproni. Walisema hata salamu aliipima kabla ya kuitikia. Alimtazama Kioo juu mpaka chini, akampa kifurushi: kichwa cha tochi, bomba lake, kifuniko cha mkiani, vipande viwili vya msasa laini, na utepe wa karatasi wa urefu wa shubiri moja.

"Kafanyie nyumbani. Jumamosi saa tisa uniletee. Nikiipenda, Jumatatu una meza yako hapa. Nisipoipenda, Jumatatu hiyohiyo kuna mwingine anakuja." Akagusa mdomo wa bomba, mahali palipokuwa laini kuliko kwingine. "Na hii shingo ifunge utepe. Mpira uliomo ndani ya kichwa unakaza hapa, ndio unaozuia maji. Pasiguswe."

"Hapataguswa, mama."

Jumamosi ikafika. Watoto walikuwa kwa bibi yao, nyumba imetulia, cherehani inakohoa taratibu dirishani. Kioo akatandika gazeti mezani. Akafunga utepe shingoni mwa bomba, mizunguko miwili, akaukandamiza kwa dole gumba. Akakunja msasa kwenye kipande cha ubao, akauchovya majini, akaanza kuvuta.

Usidhani ni kazi rahisi. Chuma kinachong'aa kina kiburi, huwezi kukitoa mng'aro kwa kukikwaruza ovyo, kitakuaibisha. Unavuta mkono mara moja, moja kwa moja, kutoka upande huu mpaka utokee upande wa pili, kisha unainua. Hurudi nyuma. Ukirudi nyuma, mistari inapigana. Ukisimama katikati, mstari unajipinda mwishoni kama ndoano, na jicho la mwenye kazi litaiona hiyo ndoano kabla halijaona kitu kingine chochote. Kioo alivuta, akainua, akazungusha bomba kidogo, akavuta. Baada ya msasa akachukua kile kisugulio cha kijani cha kuoshea vyombo, kipya, akapitisha ili kulainisha.

Saa nne ilipogonga, kazi ilikuwa imekwisha. Vipande vitatu vilikaa juu ya gazeti, vimepoa, rangi ya wingu lisilo na mvua, mistari imelala kama nywele zilizochanwa na mama mwenye subira. Kioo akabandua utepe. Shingo ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani.

"Mama Watoto," aliita, "njoo utazame mtu aliyeajiriwa."

Mkewe akasimamisha cherehani, akaja, akainama. Alipitisha kidole mara moja, akamgonga mumewe begani na ngumi ndogo, akarudi kwenye sare zake huku akiimba chini chini. Kioo hakuwa amemsikia akiimba tangu ile barua.

Laiti shemeji angekuja saa tano! Lakini alikuja saa nne na dakika tano, na shemeji alikuwa msimuliaji. Alikaa kwenye kigoda akaanza kueleza jinsi tochi yake ya zamani ilivyozimika wiki iliyopita akiwa chini, mita kumi na nane, ukuta wa kisima unamwaga mchanga.

"Giza likaniingia mpaka kwenye pua. Nikapapasa kamba, nikaishika, nikaivuta kwa nguvu zangu zote nipate kupanda. Kumbe si kamba, ni mguu wa suruali ya mwenzangu aliyekuwa anashuka! Nikamshusha na suruali, nikamshusha na yeye mwenyewe!"

Kioo alicheka mpaka machozi yakamtoka, safari hii magego nayo yalialikwa. Na akicheka, mikono yake ilikuwa haina kazi. Mikono ya mtu aliyeng'arisha miaka ishirini na sita haipendi kukaa bure. Mkono wa kushoto ukaokota bomba. Wa kulia ukaenda rafuni, ukashika kitambaa cha flaneli na lile kopo la dawa ya kung'arishia alilotoka nalo kiwandani. Ukachovya. Ukaanza kuzunguka, duara dogo dogo, taratibu, kwa upendo, kama ulivyomalizia kila kazi ya maisha yake. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

"Halafu yule bwana ananiambia..." shemeji akaendelea, kisha akanyamaza. "Shemeji. Hiyo tochi mbona inanitazama?"

Kioo akainamisha macho. Ndani ya bomba aliona sura ya mtu wa makamo aliyeachama.

Cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa amesimama, kitambaa mkononi.

"Baba Watoto, umefanya nini?"

"Nimemalizia," alisema Kioo, sauti haina mwili.

Na hakuwa amemalizia bomba peke yake. Wakati wa mkasa wa suruali alikuwa ameshang'arisha nusu ya kichwa pia.

Kilichofuata hakikuwa na kicheko. Dawa ile ilikuwa imeingia kwenye mistari ikakaa kama mafuta kwenye sufuria, kwa hiyo msasa ulikuwa unateleza tu juu yake. Ikabidi achemshe maji, aoshe kwa sabuni, akaushe, aoshe tena. Saa tano na nusu. Akachukua utepe alioubandua. Ulikuwa umejikunja wenyewe kwa wenyewe, umejaa vumbi la chuma, haushiki hata karatasi.

"Kanunue mwingine," alimwambia shemeji.

Shemeji akaondoka mbio. Duka la kwanza limefungwa, la pili wana utepe wa umeme mweusi, uliokauka mpaka unakatika kama mkate wa juzi, la tatu wana gundi ya maji. Akarudi saa sita kasoro na gundi ya maji na uso wa kuomba radhi.

"Nitakwepa," alisema Kioo. "Mikono yangu naijua."

Mikono hiyo aliyoijua ndiyo iliyomfikisha pale, lakini nani angethubutu kumkumbusha? Akavuta. Akivuta, anasimama kabla ya kufika shingoni. Na kila aliposimama, ndoano. Mstari mzuri, halafu ndoano. Mstari mzuri, halafu ndoano. Alipomaliza, sehemu ya mbele ya bomba ilikuwa kama ukingo wa mkeka ulioliwa na mbuzi. Akapandwa na hasira, akasugua kwenda na kurudi ili aondoe ndoano, mistari ikaanza kupigana mpaka chuma kikaonekana kimekwaruzwa na paka.

Akalitupa bomba mezani. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kope. Msasa wa kwanza ulikwisha makali, umebaki kuwa karatasi. Saa saba na robo.

"Niambie nikalale," alimwambia mkewe. "Niambie tu, nikalale, nikiamka nianze kukata nyuzi zako."

Mkewe hakumwambia akalale. Alizima cherehani, naye alikuwa na sare thelathini za kumaliza, akavuta kiti. "Wewe unapigana nalo," alisema. "Mahameli nayo ina upande wake. Ukiipiga pasi kinyume inaonekana imeloa. Hufuati mkono wako, unafuata inakolala. Hebu lete ubao."

Walipanga mbao mbili zikakaribiana, zikafanya mfereji, bomba likalala katikati halichezi. Mke akashika msasa wa pili, akaubana juu kwa viganja viwili, haondoki. Mume akavuta bomba chini yake, kutoka mwanzo mpaka litokee lote upande wa pili. Akaligeuza kidogo. Akavuta. Shemeji alimwagia maji kwa kijiko, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na hadithi. Wakapumua pamoja, watatu wale, kila mvuto pumzi moja. Mistari ikaanza kurudi. Kwanza michache, halafu mingi, imenyooka kuliko hata ile ya asubuhi, haina ndoano hata moja, kwa sababu msasa ulikuwa unapita mpaka mwisho.

Mpaka mwisho. Yaani na shingoni.

Kioo aliligundua hilo saa nane kasorobo. Kichwa nacho kilikuwa kimeshapitishwa vivyo hivyo, naye alikuwa analikausha bomba kwa shati lake, ukucha wa kidole gumba ukapita kwenye shingo, ukasikia kitu. Vijimistari. Vyembamba kiasi kwamba jicho halivioni, lakini ukucha ulivihesabu kimoja kimoja. Moyo ukamdondoka mpaka kwenye kandambili. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anaosha mikono myeusi ya vumbi la chuma, anaimba tena. Akamtazama shemeji, aliyekuwa ameshalichukua bomba, anaunga tochi mezani, anafunga kichwa, anafunga mkia, anasema, "Sasa hii ndiyo tochi, bwana! Hii hata mchawi anaiogopa!"

Angeweza kusema. Neno lilimfika kwenye ulimi likakaa hapo. Akaona Jumatatu inakuja, na Jumanne, na Jumatatu nyingine nyuma yake, zote zina kochi na kamkasi. Akalimeza neno.

"Twendeni," alisema. "Tusichelewe."

Mkewe alivaa gauni lake la kutokea. Alisema anataka kuiona meza ambayo mumewe atakaa, asije akapewa yenye mguu mbovu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya mashine, taa nyeupe juu ya kila meza, na ndoo kubwa ya maji karibu na mlango. Mama Kipimo akaipokea tochi kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye taa. Akaizungusha. Akavaa miwani, akaizungusha tena, polepole, kimya kimya, mpaka shemeji akaanza kuhesabu misumari ya ukutani.

"Nani alikufundisha kuvuta hivi?" aliuliza mwishoni.

"Mahameli," alijibu Kioo, na mkewe akacheka kwa pua.

"Miaka kumi na moja niko hapa, sijaletewa mistari iliyolala hivi." Akavua miwani. Mkewe akamfinya Kioo kiunoni. Na Kioo, Mungu amsamehe, kwa dakika hiyo moja aliamini kwamba ukucha wake ulikuwa umedanganya.

Mama Kipimo akaiwasha tochi, akaenda kwenye ndoo, akaizamisha.

Mwanga ukawaka chini ya maji, mzuri, wa kijani kidogo. Wote wanne waliinama. Hakuna kilichotokea. Kioo akaanza kuhesabu moyoni: tano, sita, saba. Alipofika tisa, povu dogo likatoka shingoni, likapanda, likapasuka. Kisha la pili. Kisha la tatu, na hilo lilikuwa na ndugu zake nyuma. Yakapanga foleni yakipanda, na kila moja lilitokea palepale, kwenye mstari ulionyooka.

Mama Kipimo akaitoa, akaifuta, akaifungua. Tone moja la maji lilikuwa limekaa pembeni ya betri. Akapitisha ukucha shingoni. Hakuhitaji kipimo.

"Utepe uliuweka?"

"Niliuweka."

"Mara ya mwisho ulipovuta, ulikuwepo?"

Kioo akatazama viatu vyake. Mkewe akamtazama yeye.

"Ulijua?" Mama Kipimo hakupandisha sauti. "Nakuuliza wewe, baba. Ulijua kabla hujaja hapa?"

"Nilihisi. Kwa ukucha."

Mkono wa mkewe ukaondoka kiunoni mwake. Hapo ndipo Kioo alipoanza kutapatapa.

"Lakini mama, tazama mistari! Umesema mwenyewe, miaka kumi na moja! Vipovu vitatu, vinne, ni kitu gani? Mtu hakai chini siku nzima. Anashuka, anachimba, anapanda, anaikausha. Nipe utepe wa kutosha, nipe bomba lingine, nitakufanyia mia, nitakufanyia bure! Mama, nina miezi kumi na minne. Nina mikono miwili mizima na hakuna mtu anayeitaka. Usinirudishe kwenye lile kochi, nakuomba kama mama yangu."

Wafanyakazi wawili waliokuwa kwenye meza za nyuma wakajifanya wanatafuta kitu chini. Ni vibaya kumtazama mtu mzima akilia, hasa asiyejua kwamba analia.

Mama Kipimo akaiweka tochi mezani.

Shemeji hakuweza kuvumilia. "Mama, sikiliza," alisema. "Tochi ni zetu sisi. Tumeagiza ishirini. Hii yenye kasoro nipe mimi. Nitaibeba mwenyewe, nitaikausha kila nikipanda, silalamiki wala siandiki barua. Andika kwamba imepita. Mpe shemeji yangu kazi, basi, yaishe."

Kioo akaruka kama aliyerushiwa kamba. "Umesikia, mama? Umesikia? Mwenye kisima mwenyewe amekubali!" Akamgeukia mkewe, macho mekundu, uso umejaa tumaini baya. "Mama Watoto, mwambie! Yeye mwenyewe amekubali, sasa nani ana neno tena? Nani?"

Mkewe akaichukua tochi mezani. Akaitazama, mistari ile aliyoibana kwa viganja vyake mwenyewe. Akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Mume asiye na kazi namlisha," alisema, "na kesho nitamlisha tena. Mdogo wangu huyu akinifia kisimani, nitamlisha nani?"